Kuku Hai Kutoka Sokoni Hadi Nyumbani: Namna ya Kumbeba Bila Kumtesa

Katika masoko kama la Shekilango jijini Dar es Salaam hushushwa kuku wa kienyeji waliotoka mbali, wengine Singida, safari ya takriban kilomita 700 ndani ya matenga yaliyopangwa juu ya mengine. Anapofika mnunuzi, kuku huchomolewa tengani kwa kuvutwa mguu, hufungwa kamba miguuni, kisha huning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda hadi nyumbani. Jambo hili limezoeleka mno hivi kwamba hata watu wapole, ambao hawawezi kumpiga paka, hulifanya bila kusita. Kwa jicho la daktari wa mifugo, hicho ni kipande kigumu sana cha maisha ya kuku huyo, na ndicho ambacho mnunuzi anaweza kukibadilisha leo hii.

Kuku hana ule msuli mpana ambao kwa binadamu na ng'ombe hutenganisha kifua na tumbo. Akiwekwa kichwa chini, ini, firigisi na utumbo huelemea mapafu pamoja na vifuko vya hewa vinavyomsaidia kupumua, hivyo kila pumzi inamlazimu kuusukuma uzito wa viungo vyake mwenyewe. Mwanzoni hupigapiga mbawa, kisha hutulia, na wengi hudhani amezoea, ilhali utulivu huo ni wa hofu na uchovu. Maumivu ya miguu nayo ni makubwa, hasa kwa broila, ambaye mwili wake ni mzito kuliko miguu iliyoumbwa kuubeba. Kuku wa mayai aliyemaliza kutaga yuko katika hali mbaya zaidi, kwa sababu madini ya kalsiamu yamechotwa mifupani mwake kwa muda mrefu ili kutengeneza maganda ya mayai, na mfupa wa paja au bawa huweza kuvunjika kwa kuvutwa tu.

Mpishi anaweza kuyathibitisha haya jikoni kwake. Akishamnyonyoa kuku na kukuta damu iliyovia kwenye paja au kwenye kiungo cha bawa, ajue kuwa jeraha hilo kuku alilipata akiwa bado hai, kwa kuwa damu huvia pale tu moyo unapokuwa ukiisukuma.

Joto nalo huua. Kuku hatoi jasho. Joto la mwili wake, ambalo kwa kawaida ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, hulipunguza kwa kuhema mdomo wazi na kuziachanisha mbawa na mwili. Aliyebanwa tengani juani, au aliyefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kichwa kikiwa nje, hawezi kufanya hivyo.

Kumbeba vizuri hakuhitaji gharama ya maana. Mshike kwa mikono miwili, mbawa zikiwa zimebanwa taratibu mwilini na kifua kikiegemea kiganja, kisha mweke ndani ya kapu pana au katoni iliyotobolewa matundu, ambamo anaweza kuchutama. Kwa bodaboda, kapu lifungwe nyuma, lisining'inie ubavuni karibu na bomba la moshi. Nunua asubuhi au jioni. Ikiwa atachinjwa kesho yake, mfungue, mpe maji na umlaze mahali pakavu. Ningependa pia wanunuzi wamchague muuzaji anayeweka kuku kivulini na kuwapa maji, na wamwambie waziwazi kwamba wamemchagua kwa sababu hiyo. Muuzaji hubadilika upesi zaidi kwa maneno ya mteja kuliko kwa onyo la mkaguzi.

Onyo hilo, hata hivyo, lina nguvu ya sheria. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na nchini Kenya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa kosa kumbeba mnyama, au kusababisha abebwe, kwa namna au mkao unaomletea mateso yasiyo ya lazima. Maneno hayo ya kusababisha yanamgusa pia anayemwagiza dereva amletee kuku.

Wakati wa kuchinja, kisu kiwe kikali na kinolewe mbali na macho ya kuku, adabu ambayo Waislamu wa pwani wamefundishwa tangu utotoni na ambayo kitaalamu ni sahihi kabisa. Wanaosubiri zamu yao wawekwe mahali pengine, na mtu asianze kunyonyoa wala kutia maji ya moto mpaka kuku awe ameacha kabisa kupumua na jicho lake halipepesi hata likiguswa.