Si koga wala kutu: tunavyoikosea likeni

Nyumbani kwetu Malindi, ukuta wa nyuma wa matumbawe na chokaa una mabaka ya kijivu na ya rangi ya chungwa. Kila mgeni huyapa jina lake: koga, kutu ya jiwe, uchafu. Kumbe ni likeni, yaani kuvu na mwani mdogo mno wanaoishi mwili mmoja. Mwani hutengeneza chakula kwa jua, kuvu humpa hifadhi.

Ndiyo maana si kweli kwamba likeni huua miembe. Haina mizizi ya kunyonya utomvu, imelishika gome tu. Mti ukidhoofika kwa sababu nyingine, majani hupukutika, mwanga huingia, na likeni hunawiri. Tunamlaumu jirani aliyekuja baadaye. Na marere, likeni ya mitini, yalikuwa mali: karne ya 19 yalisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Ulaya kutengenezea rangi ya zambarau.

Kosa linaloniuma zaidi ni kuitambua likeni kwa rangi peke yake. Nyunyizia baka la kijivu maji kidogo, kisha tazama: baada ya muda mfupi linageuka kijani. Ngozi ya juu ikilowa hupitisha mwanga, na mwani wa ndani huonekana. Basi ukiandika rangi, andika pia kama ilikuwa kavu au mbichi.

Picha ya simu nayo haitoshi. Chukua Xanthoparmelia, jenasi ya mawe na udongo wa nyika kavu, yenye spishi zaidi ya 800. Nyingi ni za kijani-manjano na zinafanana kama pacha. Lazima uifunue uone upande wa chini, utafute vijidole vidogo juu yake, kisha udondoshe tone la hidroksidi ya potasiamu kwenye nyama nyeupe ya ndani. Baadhi huwa njano halafu nyekundu kama damu, nyingine hazibadiliki. (Dawa hiyo huunguza ngozi, vaa glavu.)

Wala si lazima likeni ishike kitu. Xanthoparmelia chlorochroa ya nyika za Marekani haijafungwa popote: ikikauka hujikunja, upepo huibingirisha.

Wanaokuja na brashi nawaomba wasubiri. Likeni za ukoko nyingi hukua milimita moja kwa mwaka, au pungufu. Lile baka la upana wa sahani kando ya dirisha la jikoni nimekataza lisiguswe.