Je, wajua kwa nini jua hunywa maji ya silanga kuliko ng'ombe?

Kampuni ya Mombasa inapotaka kuwasaidia wafugaji wa Kinango, Samburu au Mackinnon Road, katika kaunti ya Kwale, mara nyingi wazo la kwanza ni kuchimba silanga, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mvua. Tingatinga hufika, shimo huchimbwa, kibao chenye jina la mfadhili husimamishwa. Mvua ya vuli hulijaza, na ifikapo Februari limebaki tope lililopasuka. Lawama huangukia mifugo, kwamba ni mingi mno. Tupige hesabu kwanza.

Chukua silanga lenye mdomo wa mita 40 kwa 30 na kina cha mita 3, kingo zake zikilala mita 2 kwa kila mita 1 ya kwenda chini. Sakafu itakuwa mita 28 kwa 18, na likijaa lina takribani mita za ujazo 2,480. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Ng'ombe wa kienyeji hunywa kama lita 30 siku ya joto, mbuzi lita 5. Ng'ombe 100 na mbuzi 300 watahitaji lita 4,500 kwa siku. Kwa siku 120, tangu vuli ikatike hadi mvua ya mwaka, yaani masika, hizo ni mita za ujazo 540.

Jua na upepo wa kaskazi nao huondoa kama milimita 5 kila siku. Ni kidogo kuliko upana wa kidole, lakini kwa siku zile zile 120 ni sentimita 60 za kina. Kwenye uso wa wastani wa mita za mraba 1,000, hizo ni mita za ujazo 600, zaidi ya walichokunywa mifugo wote.

Sasa chimba maji yale yale kwa kina cha mita 1.2 tu, kwa sababu chini pana mwamba au muda wa kukodi tingatinga umekwisha. Uso utapanuka hadi mita za mraba zaidi ya 2,000, na nusu ya maji itapaa angani. Kwa hiyo mfadhili asiulize silanga lina ukubwa gani kabla ya kuuliza lina kina gani.

Kwa nini basi kisichimbwe kisima? Jina la Maji ya Chumvi, pale barabarani baada ya Mariakani, linajibu. Miamba ya bara hiyo ina tabaka zinazotia chumvi maji ya chini, na sehemu nyingi kisima kirefu hutoa maji ambayo hata mbuzi huyakataa. Maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi ndiyo yenye tumaini.

Jambo la pili ni udongo. Chukua konzi ya udongo wa kina kile kitakachokuwa sakafu, uuloweshe, uufinyange kama uzi mnene kama penseli, kisha uukunje uwe pete. Pete isipopasuka, mfinyanzi upo wa kutosha. Ikivunjika, maji yatazama, na dawa ni kuleta udongo wa mfinyanzi, kuutandaza kwa tabaka nyembamba ukiwa na unyevu na kuushindilia kila tabaka. Mfinyanzi uliomwagwa mkavu bila kushindiliwa hausaidii kitu.

Jambo la tatu ndilo huua masilanga mengi zaidi, nalo haliko ndani ya silanga. Mvua ya milimita 30 kwenye mteremko wa hekta 10 unaoelekea silanga huleta mita za ujazo 3,000. Moja ya tano ikitiririka, silanga hupata 600, kwa hiyo mvua nne au tano za namna hiyo hulijaza. Lakini kama mteremko huo umelishwa hadi ukawa mtupu, kila mvua huja na tope lake, na kina ulichokigharamia hupotea mwaka hadi mwaka. Kazi ya kwanza ni kuchimba matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu) kwenye mashamba ya juu, kuacha ukanda wa nyasi usiolishwa mbele ya mlango wa maji, na kuweka mashimo mawili ya kunasia tope kabla maji hayajaingia. Mashimo hayo huzolewa kila msimu. Yakijaa na kuachwa, ni sawa na kutokuwepo.

Upande wa chini kuwe na njia pana ya maji ya ziada, iliyo chini ya kimo cha tuta la silanga na kuoteshwa ukoka. Isipokuwepo, maji hupita juu ya tuta na kulikata usiku mmoja. Miti isipandwe kwenye tuta, maana mizizi hufungua njia za maji. Mifugo isiingie ndani: zungushia uzio, pitisha bomba chini ya tuta, na ng'ombe wanywe kwenye birika nje.

Kisha kuna hatari ambayo wafadhili wengi hawaioni. Maji yakiwepo, makundi ya mbali nayo huja, na nyasi za jirani huisha kabla ya maji. Mnyama hufia njaa ukingoni mwa silanga lililojaa. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku, yaani kilo 540 kwa siku 90. Nyasi zikishindiliwa katika sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, robota moja hufikia kilo 20 hivi, kwa hiyo ng'ombe mmoja anahitaji marobota 27 akilishwa hayo pekee. Nyasi zikatwe zinapoanza kutoa maua. Zikishakomaa na kupukutisha mbegu hubaki mabua yasiyo na nguvu. Mradi wa maji usiokuwa na ghala la nyasi haujakamilika.

Je, sheria inailazimisha kampuni? India, tangu sheria yake ya kampuni ya 2013, hudai kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya faida kwa jamii. Kenya haina sharti la jumla la namna hiyo, ila Sheria ya Madini ya 2016 huwapa wananchi wa eneo la mgodi asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji hulipa kwa madini anayotoa. Wengine hutoa kwa hiari, na hiari hiyo inastahili mkataba mzuri. Kibali cha maji kitafutwe kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ridhaa ya wenye ardhi iandikwe, na sehemu ya malipo ya mkandarasi izuiwe hadi mvua ya kwanza ipite na tuta likaguliwe.

Mombasa ina mfano wake wa subira. Mashimo ya machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ambayo leo ni Haller Park, yalianza kufufuliwa mwaka 1971 kwa miti ya mivinje, na majongoo wakala majani yake makavu hadi udongo ukapatikana juu ya mwamba mtupu. Udongo ulitangulia, mengine yakafuata.

Bara nako udongo mzuri upo, ila umekwenda kukaa mahali pabaya. Tope linalozolewa kwenye silanga kila Machi ni ngozi ya juu ya mashamba ya mlimani. Lirudishwe huko kwa mkokoteni, lichanganywe na samadi kwenye mashimo ya kupandia mtama na pojo, kabla mvua ya mwaka haijaanza.