Je, wajua kwa nini kishikwambi kinachojua njia mjini hupotea porini?

Ukiwa soko la Majengo, Dodoma, karibu kishikwambi chochote kitakuonyesha kidoti cha bluu pale uliposimama. Sasa panda nacho gari kwenda Kolo, Kondoa, kutazama michoro ya miambani, kisha iacheni lami. Kidoti kimeganda pale mtandao ulipokatika. Simu ya dereva, ya bei ya chini kuliko hicho, inasonga na gari. Kulikoni?

Vishikwambi vingi vya Wi-Fi tu havina kipokezi cha setilaiti. Hukisia mahali vilipo kwa Wi-Fi za jirani, na porini jirani ni mibuyu. Chukua iPad: isiyo na sehemu ya laini haina kipokezi cha GPS, mfumo wa setilaiti wa Marekani; yenye nayo inacho. Wala si lazima laini yenyewe iwemo. Kipokezi husikiliza tu, hakitumi kitu na hakili bando.

Kinachosikilizwa kiko mbali, kama kilomita 20,200 juu. Mawimbi hushuka kwa muda usiofika hata sehemu ya kumi ya sekunde, na kipokezi hupima muda huo kujua umbali. Setilaiti tatu zingetosha, ila saa ya kishikwambi si ya kuaminika: ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, hesabu inapotoka mita 300. Ya nne ndiyo inayoirekebisha. Ndiyo maana napenda chenye kupokea pia mifumo mingine ya setilaiti: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Kwenye korongo, kila setilaiti ya ziada ina kazi.

Penye mtandao, ratiba ya setilaiti, yaani zilipo angani, hupakuliwa upesi. Pasipo mtandao hutoka angani kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde, kwa hiyo ukikiwasha Itigi kipe dakika kadhaa kabla ya kukilaani.

Muuzaji atakwambia, "GPS ipo, kaka." Toka nje ya duka, zima Wi-Fi na data, fungua programu ya GPSTest uhesabu setilaiti. Ramani ni suala jingine: pakua ya programu kama OsmAnd au Organic Maps ungali mjini.

Garini kiweke karibu na kioo cha mbele kione anga, lakini kifunike mkisimama. Jua la Bahi hukichemsha mpaka kijizime.