Chai ya moto saa kumi haikuongezei joto, acheni hizo

Kila nikikaa na kikombe changu saa kumi jioni hapa Kirumba, Mwanza, naambiwa we vipi, jua lote hili chai ya moto, si bora soda baridi? Jamani sio hivyo. Chai ya moto inafanya mwili utoe jasho zaidi na lile jasho likikauka kwenye ngozi linaondoka na joto, kwahiyo ukikaa penye upepo wa ziwa unapoa kweli. Ila ukijifungia ndani hamna hewa, au umevaa jaketi (wapo!), jasho linatiririka tu bila kukauka na hapo utaiva. Mi naweka tangawizi na mchaichai, kiazi kitamu cha kuchemsha pembeni, natoka zangu barazani.