Kumbukumbu ya ndoa pwani ya kusini: anza na mwezi, tarehe itafuata

Watu wakinipigia simu kupanga safari ya kumbukumbu ya ndoa, kitu cha kwanza kunitajia ni tarehe. "Tulifunga ndoa tarehe 17 Aprili, siku hiyo tunataka tuwe ufukweni." Nami swali langu la kwanza huwa lile lile: siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi, yaani siku ya ngapi tangu uandame?

Kazi yangu ni kuwasafirisha wanandoa kwa gari kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, kupitia Kilwa na Lindi. Nimeona safari zikiharibika na nimeona zikifana, na mara nyingi sababu haikuwa hoteli wala gari. Ilikuwa maji ya bahari, yamejaa saa ngapi na yamekupwa saa ngapi. Maji yanafuata mwezi. Mvuvi yeyote wa Shangani, kule Mtwara, atakwambia hivyo bila kutazama simu, lakini mtu anayetoka Dodoma au Mwanza na zawadi yake mfukoni hajui, na hana wa kumwambia. Ndiyo maana naandika.

Kwanza niondoe picha moja vichwani. Wengi wanakuja wakitaka kupigwa picha jua likizama baharini. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama bara, nyuma ya minazi na mikorosho. Anayeng'ang'ania machweo atapewa machweo, lakini ameacha kizuri zaidi. Kusini jioni yenye thamani ni ile ya mwezi mpevu, mwezi unapotoka majini upande mmoja na jua linaondoka upande wa pili. Mwezi wa 14 hutangulia, huchomoza jua likiwa halijazama sawasawa. Wa 15 wanapishana. Wa 16 unakuja giza limeshaingia, mwekundu, mkubwa, na watu huacha kuzungumza.

Sasa maji. Katika siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, pwani hii hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, saa 4 asubuhi bahari imejaa na saa 10 jioni imekupwa, ila kujaa kwake si kwa nguvu na kukupwa kwake si kwa mbali. Ukishika hilo, unaweza kupanga safari nzima kwa kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani.

Maana yake kwa meza ya chakula ufukweni ni kubwa. Mwaka wangu wa kwanza niliwaandalia wanandoa meza siku ya mwezi wa 8. Saa 12 jioni mchanga ulikuwa mpana na mkavu, pazuri kabisa. Sikujua kwamba maji yalikuwa yanarudi. Kabla samaki hajaiva maji yalifika miguuni, tukahamisha meza mara mbili, na mama yule akamaliza chakula chake amesimama ameshika viatu. Hawakunilaumu, lakini siku ile ilikuwa ya miaka kumi yao ya ndoa na haitarudi. Siku ya mwezi wa 14 mambo ni kinyume. Saa 10 maji yamefika juu kabisa, hadi kwenye mstari wa majani makavu na vijiti, kisha yanaanza kurudi nyuma. Ikifika saa 12 unaweka meza kwenye mchanga uliooshwa, hauna alama ya mguu hata mmoja, na bahari inazidi kuwaachia nafasi hadi kama saa 4 usiku.

Kwa hiyo nahesabu kurudi nyuma. Mwezi wa 14 tuwe Msimbati, ufukweni karibu na Mtwara. Mwezi wa 9 tuwe Kilwa.

Kwa nini Kilwa iwe wa 9? Kwa sababu ya magoti. Wanaosherehekea miaka 25 au 40 si vijana. Kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani ni mwendo mfupi tu wa boti, lakini ukifika bamvua saa 4 asubuhi, maji yamekimbia na mnashushwa kwenye tope, mnatembea majini mkiwa mmepandisha nguo. Kijana atacheka. Mama wa miaka 65 siku nzima itakuwa imemharibikia. Mwezi wa 9 maji yanajaa kuelekea saa 6 mchana, kwa hiyo mkivuka saa 3 au saa 4 mnapanda na maji yanayokuja, mnatembea magofuni, na mnarudi boti ikiwa bado inaelea karibu. Kibali chukueni Masoko kabla ya kuvuka, na pesa taslimu ya nahodha iwe mkononi. Mwambieni awape maboya ya kuvaa hata kama yeye havai.

Kisiwani msikimbie. Eneo hilo na Songo Mnara viliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, na mgeni mashuhuri zaidi, Ibn Battuta, alifika mwaka 1331 akausifu mji. Mimi napenda wenza waingie Msikiti Mkuu peke yao kwanza, wakae chini ya yale matao dakika kumi bila maelezo yangu. Halafu twende Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani. Ni mwendo wa miguu, jua kali, mwavuli ni muhimu. Lakini lile bwawa la pembe nane, juu ya jabali, upepo wa bahari ukiingia kwenye kuta zilizobaki, limewafanya wengi wakae chini na kuzungumza mambo ambayo nyumbani hayapati nafasi. Mimi huwa najisogeza mbali wakati huo. Mwongozaji asiyejua kuondoka hafai kwa safari ya namna hii.

Kuhusu miezi ya mwaka. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kuanzia Juni ni kiangazi, lakini Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma kwa nguvu na bahari inachafuka. Wenye kichefuchefu wataumia botini. Septemba na Oktoba upepo umelegea, njia ni kavu, na hata nyangumi wa nundu bado wanapita pwani hii. Hiyo ndiyo miezi yangu. Tatizo ni kwamba ndoa nyingi zimefungwa Desemba au baada ya Pasaka. Hapo nasema wazi: sherehekeeni tarehe yenu nyumbani, kwa chakula na watoto, kisha safari iwe Septemba. Tena kuanzia Oktoba korosho inaanza kuuzwa, wanunuzi na madereva wa malori wanajaa gesti za Mtwara, na chumba kizuri kinakuwa cha kugombania. Mwezi wa Ramadhani nao ufikirieni mapema, maana mchana sehemu nyingi za chakula zimefungwa, na kula barabarani mbele ya waliofunga si adabu.

Aprili ile niliyoitaja mwanzo haikuwa mfano wa kutunga. Mume na mke walitaka kuadhimisha miaka 25 Aprili 2024. Niliwakatalia, na mzee hakufurahi. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, Rufiji ikafurika, na mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ikakatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Tangu hapo kila ratiba yangu ina siku moja tupu, isiyo na jina, hata wakati wa kiangazi. Isipotumika kwa dharura, inatumika kwa kulala.

Tulisafiri Septemba. Ulikuwa Mfungo Sita, mwezi wa Kiislamu wenye Maulidi, kwa hiyo hesabu ya mwezi ilitupitisha Lindi wakati wa Maulidi. Sikuwa nimelipanga, na sasa nalipanga kila Mfungo Sita ikiangukia kiangazi. Tulikaa nje usiku, dufu zinasikika, kahawa na kashata mkononi. Asubuhi tulikuwa ufukweni kabla ya saa 12, jua likichomoza upande wa Kitunda na vyombo vya wavuvi vikirudi. Watu wengi wanaipita Lindi kama kituo cha mafuta. Nasikitika wakifanya hivyo. Ghuba yake asubuhi inatosha kuwa sababu ya kulala pale usiku mmoja, na mwenye kupenda historia ataambiwa kwamba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) iliyochimbwa Tendaguru, huko bara ya Lindi, kati ya 1909 na 1913, ndiyo iliyosimamishwa makumbusho ya Berlin hadi leo.

Barabara yenyewe sina mengi ya kusema. Dar hadi Nangurukuru ni kama kilomita 300, halafu 30 hivi kuingia Masoko. Nangurukuru hadi Lindi ni kama 150, na Lindi hadi Mtwara 100 na kidogo. Pale Mingoyo msichukue njia ya Masasi. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa, tochi zipo, matuta yapo mengi. Usiku msiendeshe. Mafuta jazeni kila mnapokuta kituo cha uhakika. Wenye likizo ya siku nne tu waachane na Dar, wapande ndege hadi Mtwara na kukodi gari pale: Mikindani, Msimbati, Lindi, basi.

Mikindani iko kilomita kama 10 kabla ya Mtwara mjini, na hapo nawalaza wenza usiku wa kabla ya siku kuu yao. Livingstone aliondokea hapa mwaka 1866 kwenye safari yake ya mwisho barani, na boma la Wajerumani la mwaka 1895, lililokarabatiwa na kufanywa hoteli, linaangalia ghuba kutoka mlimani. Jioni tembeeni vichochoro vya nyumba za mawe bila kamera. Salimieni. "Shikamoo" kwa wazee waliokaa barazani inafungua mazungumzo ambayo mimi siwezi kuwanunulia.

Siku hiyo hiyo kuna shughuli ndogo ninayoipenda kuliko zote. Tunapita duka la kanga, mke na mume wanaachana mlangoni, na kila mmoja anamchagulia mwenzake doti kwa jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, si kwa rangi. Mume hupata taabu. Anasoma majina kumi, ishirini, anamuuliza muuzaji hili linasema nini hasa, maana kanga ina maneno ya mapenzi na ina maneno ya vijembe, na ukikosea umejitakia. Nimeona mwanamume aliyekaa na mkewe miaka thelathini akitumia saa nzima kutafuta sentensi moja ya kumpa. Zinafunguliwa kesho yake, mezani.

Msimbati ni kilomita 40 na ushei kutoka Mtwara mjini, kupitia Madimba, na mwisho wa njia ni mchanga. Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne. Kabla ya kuingia mchangani punguzeni upepo wa matairi, na pampu iwe ndani ya gari kwa ajili ya kurudi. Mko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo kuna kiingilio, na konokono wala matumbawe hayaokotwi hata kwa kumbukumbu. Mpishi nampata kijijini. Changu wa kuchoma, pweza wa nazi, wali, na ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha ikiwa msimu wake, kwa sababu mtu asiyekula ming'oko hajafika kusini. Keki siibebi, joto linaimaliza njiani. Muziki pia siuweki.

Mzee wangu wa Aprili alikaa pale jioni ile, maji yakirudi nyuma, mwezi umeshatoka, akafungua doti aliyochaguliwa na kulisoma jina lake kwa sauti, mara mbili. Mkewe hakutaka izungushiwe pindo wala ikatwe. Alisema ibaki vipande viwili vimeshikana hivyo hivyo.

Siku ya kurudi msiibane. Wengi wanataka Mtwara hadi Dar kwa pumzi moja, zaidi ya kilomita 550, na safari iliyofana inaishia kwa watu wawili wasiozungumza. Laleni njiani. Wale wawili waliniomba tusimame Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa. Walioana mwaka 1999, na daraja lilifunguliwa 2003. Wakati wao mto ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na usiku wa tatu wa ndoa yao waliulala kando ya mto ndani ya basi wakisubiri zamu. Mzee alinyoosha kidole kuonyesha walipolala. Mama akamshika mkono, akaugeuza taratibu kuelekea ng'ambo ya pili, akasema ilikuwa kule, na kwamba mumewe alikuwa amemfunika koti lake.