Je, wajua? Nyanya ya kijani huiva vizuri gizani

Julai mawingu yakishatulia juu ya Nairobi wiki nzima, huja siku ya kung'oa nyanya. Bakajani chelewa, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita bilaiti, hupenda baridi na unyevu. Majani huanza kuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na kumbe mmea bado umebeba matunda ya kijani. Katika kishamba chetu cha Waithaka, mwaka wa kwanza, matunda hayo yalijaza kreti mbili. Niliyapanga yote dirishani, upande wa jua. Mama mboga wa jirani akapita, akatazama, akauliza:

"Kijana, hizo nyanya umezianika kama nguo?"

Nikacheka. Nilidhani hajui sayansi.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba jua ndilo huivisha tunda, na si kosa la kijinga. Mmea hauishi bila jua, na nyanya tunaziona zikiwa nyekundu juani, basi tunaunganisha. Lakini jua hufanya kazi yake kwenye majani. Majani ndiyo jiko, sukari hupikwa huko. Tunda ni sahani ya kupakulia. Nyanya ikishakomaa, hata ikiwa bado kijani, imeshapakuliwa sehemu kubwa ya chakula chake. Mabadiliko yanayobaki, kupoteza ukijani, kutengeneza wekundu, kulainika, inayafanya yenyewe kwa ndani, na inaweza kuyafanya katika katoni iliyofungwa chini ya kitanda.

Tena dirisha linaweza kudhuru. Jua la saa saba likipiga kioo, tunda hupata moto, na joto likizidi takriban nyuzi 30 za Selsiasi utengenezaji wa likopeni, ile rangi nyekundu, hukwama. Nyanya huishia kuwa ya njano au ya chungwa. Usiku dirisha hilo hilo hupoa. Nyanya ya kijani ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 12 hivi huumia, na baadaye huiva kwa mabaka au huoza kabla ya kuiva. Usiku wa Julai Nairobi hufika huko bila kujikaza. Friji, ambayo nilijaribu baada ya dirisha, ni mbaya zaidi.

Kinachoivisha ni gesi: ethilini, molekuli ndogo yenye kaboni 2 na hidrojeni 4. Mwaka wa 1901 mwanasayansi wa mimea Dimitry Neljubow wa St. Petersburg, Urusi, aligundua kwamba ndiyo iliyokuwa ikipinda miche ya njegere katika maabara yenye taa za gesi. Mwaka wa 1934 mwanasayansi Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba matunda huitoa yenyewe. Waliokuwa wakivumbika ndizi shimoni na kuzifukiza hawakusubiri majibu hayo. Moshi wa kuni una ethilini.

Jinsi inavyofanya kazi ndipo panaponifurahisha. Fikiria kigelegele arusini. Mama mmoja anakipiga, wa pili anaitikia, wanne, kumi, na sasa nyumba nzima inalia na hakuna anayekumbuka aliyeanza. Ethilini ni hivyo: nyanya inayoinusa huanza kutoa yake, na iliyo jirani ikiinusa hiyo hutoa zaidi. Katoni inazuia sauti isipotee nje. Ndizi mbivu ukiitia humo ni mama aliyezoea kuanzisha. Inasaidia, ingawa nyanya zilizokomaa zitafika hata bila yeye. Kuna hata nyanya zenye hitilafu ya kijeni katika kipokezi cha gesi hiyo: viziwi. Zimezungukwa na kelele, haziivi sawasawa.

Wapo pia watoto arusini, ambao wanasikia lakini hawajui kupiga. Hao ndio nyanya changa, na kwa macho hazitofautiani sana na zilizokomaa. Kata moja kwa kisu kikali. Kisu kikipasua mbegu, ni changa, itasinyaa tu. Mbegu zikiteleza pembeni ndani ya ute, zile za rika lake weka katoni, kwenye joto la nyuzi 18 hadi 21. Kwa utamu nisikudanganye: tunda lililokatwa mapema halipati tena sukari kutoka kwenye majani, kwa hiyo ladha hupungua. Kwa mchuzi inatosha kabisa.

Mwaka uliofuata nilimwonyesha mama mboga katoni yangu, nyekundu tupu juu, nikiwa na kiburi kidogo. Akainua gazeti nililotandika chini ya nyanya hizo, akakuta pilipili hoho nilizokuwa nimezichanganya humo, nikitaraji ziwe nyekundu. Mbili zilizokuwa zimeanza kugeuka rangi zilikuwa zimesogea kidogo. Zingine zilikuwa kijani vilevile, zimenyauka. Hoho, kama nanasi, si mtu wa kuitikia vigelegele.