Ethernet-APL ni nini, na kwa nini waya wa mtandao wa ofisini haufai kwenye tenki la mafuta

Gesi ya mtungi ikivuja jikoni usiku, kila mtu anajua hutakiwi kuwasha taa. Swichi ya ukutani ukiibonyeza inatoa kacheche ndani, wala hukaoni, na hako kanatosha. Sasa jiko hilo lifanye liwe mtambo mzima wa kuchakata gesi, halafu uambiwe funga humo vipima presha na vipima joto mia kadhaa, vyote vinatumia umeme na vyote vinatuma data kontroli rumu saa 24. Hiyo ndo kazi ya Ethernet-APL, yaani etheneti (mtandao wa waya kama ule wa kompyuta za ofisini) ya waya mbili iliyotengenezwa kwa ajili ya maeneo yanayoweza kulipuka.

Maeneo yenyewe yamegawanywa kwa zoni. Zoni 0 ni pale gesi au mvuke unaowaka upo muda wote au muda mrefu, mfano ndani ya tenki juu ya mafuta. Zoni 1 unaweza kutokea kwenye kazi za kawaida, zoni 2 ni kwa bahati mbaya na kwa muda mfupi. Viwanda vya unga na sukari navyo vina zao, 20, 21 na 22, maana vumbi la unga nalo linalipuka, watu wengi hawajui.

Na nguvu inayohitajika kuwasha ni ndogo mno. Methani inataka kama milijuli 0.28 tu, haidrojeni kama 0.02, yaani ile cheche inayokurusha mkono ukivua nguo ya nailoni imeshazidi hapo mbali sana.

Somo hili lilianzia migodini. Tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi wa makaa wa Senghenydd kule Wales ulilipuka, wachimbaji 439 wakafa, na kati ya vyanzo vilivyoshukiwa ni kengele za umeme za kupeana ishara, zilikuwa waya mbili zilizo wazi, ukizigusanisha kengele inalia. Betri yake ilikuwa ndogo tu, watu wakaona haina madhara, kumbe koili ya kengele inatunza nishati na ukikata saketi inaitema yote kwa mkupuo kama cheche. Hapo ndo likaja wazo la kubana nishati ndani ya saketi, ili hata waya ukikatika au ukigusana na mwenzake cheche itakayotoka iwe dhaifu kuliko inayoweza kuwasha gesi. Huo ndo usalama wa asili, na ukiingia mtamboni ukaona kebo na viunganishi vya rangi ya bluu mpauko, mara nyingi ndo saketi zake.

Sasa etheneti ya kawaida inashindwa wapi? Kebo ya shaba mwisho mita 100, na mtambo ni mkubwa, kutoka kontroli rumu hadi tenki la mbali ni zaidi ya hapo. Ukitaka ibebe na umeme inabeba volti 48 hivi na wati nyingi, ukichomoa plagi ikiwa laivu unacheza na moto kwa maana halisi. Faiba inafika mbali lakini haimpelekei sensa umeme. Kwa hiyo miaka yote huku chini watu wamebaki na miliampia 4 hadi 20, yaani kipimo kinatumwa kama kiasi cha mkondo wa umeme kwenye waya, kitu cha kizamani ila kimefikiriwa vizuri, imeanzia 4 ili ukisoma sifuri ujue waya umekatika na sio kwamba tenki ni tupu. Juu yake ikawekwa HART, data ya kidijitali inayopita kwenye waya ule ule, biti 1,200 kwa sekunde, kupakua mipangilio ya transmita moja (kipima kinachotuma kipimo chake) unaenda kunywa chai unarudi bado. PROFIBUS PA, moja ya fildibasi, yaani mitandao ya kidijitali ya vifaa vya mtamboni, ikaja na biti 31,250 kwa sekunde, afadhali kidogo.

APL inakupa megabiti 10 kwa sekunde, data na umeme kwenye jozi moja ya waya. Msingi wake ni kiwango cha IEEE 802.3cg cha 2019, na ilizinduliwa rasmi Juni 2021. Kebo kuu inafika mita 1,000 kati ya swichi na swichi, tawi la kwenda kwenye kifaa mita 200, na tawi ndo linaruhusiwa kuingia hadi zoni 0. Kifaa cha kawaida pale kinapewa kama nusu wati hivi, ndo maana usitegemee kufunga kamera kubwa. Kebo ya zamani ya fildibasi aina ya A inaweza kutumika tena kama bado nzima.

Kinachonifurahisha mimi ni 2-WISE, sehemu yake ya usalama wa asili. Zamani kila saketi injinia anakaa na karatasi, volti ya huku isizidi ya kule, ampia hivyo hivyo, kisha anajumlisha kapasitansi ya kebo, yaani chaji ambayo kebo yenyewe inaweza kutunza. Sasa vifaa vyote vimetengenezwa kwa mipaka ile ile, ukikaa ndani ya urefu unaoruhusiwa unaunganisha tu, na fundi anaweza kufungua waya wa tawi ukiwa laivu bila kuzima mtambo.

Ila APL ni njia tu, sio lugha, juu yake unaweza kupitisha lugha za mitambo kama PROFINET, HART-IP au OPC UA, kwa hiyo usinunue kifaa kwa sababu kimeandikwa APL halafu kontrola yako, yaani kompyuta inayoendesha mtambo, haikielewi. Na transmita ikishakuwa na anwani ya IP, virusi na wadukuzi nao wana pa kubisha hodi, kitu ambacho ile miliampia 4 hadi 20 haikuwahi kuwa nacho.